Maji ya Kukandikia Shule ya Mnyambe

Jumatatu, 14 Septemba 1908

Padre amekuja kutoka Masasi, amekunywa chai yetu ya mwisho, na kabla hajafika nusu ya kikombe amenikata maini.

"Mama Mwalimu," akasema, "nyumba hii ya shule ikikutwa na mvua ya kwanza haina kuta wala paa, darasa la wasichana litafungwa. Wavulana watasomea Masasi, na wewe na Ambrosi mtahamia huko."

"Na wasichana wangu kumi na wawili?"

"Watarudi kwa mama zao."

Shule iliungua wakati wa vita vya Maji Maji, miaka mitatu sasa. Tangu hapo tunafundisha kwenye kibanda kisicho na kuta, upepo ukivuma tunafukuza karatasi. Mwezi wa Juni wanafunzi walisimamisha nguzo, wakafunga fito na kupandisha makombamoyo ya paa. Kisha Padre akashikwa na homa, na kazi ikalala naye. Sasa nyumba imesimama uchi katikati ya uwanja, kila apitaye anaitazama mbavu.

Nikamwambia, "Padre, mvua ni ya Mungu, lakini masharti haya ni ya nani?" Ambrosi akanikanyaga mguu chini ya meza. Padre akasema masharti yametoka kwa wakubwa, naye hana la kufanya. Alionekana ana huzuni kweli, ila huzuni yake haikandiki ukuta.

Kesho Ambrosi anaondoka naye kwenda Masasi, halafu Lindi, kufuata misumari, bawaba na mbao za milango. Hatarudi kabla ya wiki nne kupita. Nimeamua kuandika kila siku katika daftari hili, ili shule ikifungwa ijulikane mimi sikulala. Na kwa atakayelisoma: mimi ni Severina, mke wa Mwalimu Ambrosi. Yeye ni Mmakonde wa hapahapa. Mimi nililelewa na misheni Unguja, huku nimefika mwaka juzi tu.

Jumanne, 15 Septemba

Ambrosi ameondoka. Nimewafundisha wasichana hesabu za kugawanya, nikawa mkali bila sababu.

Alhamisi, 17 Septemba

Leo nimekwenda kuteka maji mwenyewe badala ya mama mkwe, pamoja na Mama Silvesta, jirani yangu, mjane aliyenizidi umri mara mbili na nguvu mara tatu.

Sisi wa Mnyambe tunaishi juu, na maji yanaishi chini. Wanawake huondoka alfajiri, hushuka genge, ukingo mkali wa mlima, kwa miguu ya mbuzi, hukaa foleni kisimani wakingoja maji yachuruzike, kisha hupanda na mtungi kichwani. Wakifika nyumbani jua limeshapanda. Mtungi huo mmoja ndio wa kunywa, kupika na kunawa kwa siku nzima. Unguja kisima kilikuwa nyuma ya jiko; nilikuwa nikinung'unika kwamba kamba ni ndefu.

Nimevunja mtungi kwenye kona ya pili. Nimelowa hadi kwenye kisigino. Wanawake wamecheka mpaka wakalazimika kutua yao chini. Mama Silvesta akasema, "Mwacheni, kwao maji yanamfuata mtu, hayafuatwi."

Jumamosi, 19 Septemba

Nimemwita Fundi Swalehe, mkandikaji, aje aitazame nyumba. Ameizunguka mara mbili mikono nyuma.

"Mama Mwalimu, watu wenye akili hukandika wakati wa mvua, maji yakiwa mlangoni."

"Na wasio na akili?"

"Hukandika sasa." Akachukua udongo mkavu, akaupepeta kwenye vidole. "Udongo upo. Shimo nitalichimba mimi, bure, maana mwanangu anasoma hapa. Lakini udongo haukandiki kwa mate. Niletee mitungi mia nne."

Mia nne! Kumwomba mtu mtungi hapa ni kumwomba alale na njaa na kiu pamoja.

Jumatatu, 21 Septemba

Nina furaha. Mama mkwe ameniletea kitabu cha mahudhurio cha kwanza cha shule hii. Wakati wa vita alikifukia ndani ya chungu cha mtama, kikapona, ila kinanuka mtama. Kina majina arobaini na moja ya watoto wa kwanza, miaka kumi na nane iliyopita.

Nikawaza: hawa sasa ni watu wazima, wana mashamba, wana wake, wana nguvu. Shule iliwapa kusoma. Haiwezekani wasiwe na mtungi mmoja kila mtu. Nimekaa nikaandika barua arobaini na moja, fupi, za heshima. "Kwa Ndugu Chitumbo. Kwa Ndugu Sijaona." Wino umekwisha kwenye barua ya thelathini na nane, nikamalizia kwa maji ya mkaa.

Mama mkwe aliniuliza naandika nini. Nikamwambia atajua yakishanyooka.

Jumatano, 23 Septemba

Siku ya soko. Sikujua nani anaishi wapi, nikaona njia rahisi ni kuita. Nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikayasoma majina yote kwa sauti ya darasani, moja moja, aliye na ndugu yake aje achukue barua.

Soko lote lilinyamaza. Hata wauza samaki wakavu walinyamaza. Wanaume wakatazama chini, bibi vizee wakaja kuchukua barua wameziba midomo kwa nguo. Nikajisifu njia nzima kurudi: sauti yangu bado inasikilizwa!

Jumamosi, 26 Septemba

Hajaja mtu.

Jumatatu, 28 Septemba

Asubuhi, nikiwa nafundisha, nimemwona Mama Silvesta anapanda kutoka gengeni. Hakwenda kwake. Alipita moja kwa moja hadi kwenye shimo la udongo, akauinamisha mtungi wake, akamwaga wote.

Nikamkimbilia. "Mama Silvesta! Utakunywa nini?"

"Unapiga kelele za nini? Maji si yangu?"

"Shikamoo kwanza," nikasema, maana nilikuwa nimesahau.

"Marahaba. Sasa nisikilize." Akakaa juu ya mtungi mtupu. "Mwanangu Silvesta alichukuliwa upagazi baada ya vita. Nikaambiwa amekufa. Nikamlilia, nikanyoa nywele. Mwaka jana ikaja karatasi. Nikaizungusha kijiji kizima, hakuna wa kuisoma. Mumeo hayupo, wewe una homa. Nani aliyeisoma?"

Ni Isabela wangu, wa darasa la pili, aliyeisoma kwa kukwama kwama kwenye kila neno refu, kwamba Silvesta yu hai.

"Mtoto wa kike, hana hata matiti, alinifufulia mwanangu kwa mdomo wake," akasema. "Nami nikae nyumbani na mtungi?" Akainuka akashuka tena gengeni. Amekwenda mara mbili siku moja. Nimelia mbele ya wasichana, wakafurahi kwa kuwa somo limekatika.

Ijumaa, 2 Oktoba

Wanawake sita leo. Hakuna aliyewaita. Walimwona Mama Silvesta anapita na mtungi usiokwenda nyumbani kwake, wakamfuata kutaka kujua. Wakishafika shimoni wanaona aibu kurudi na maji yao. Mmoja amemwaga nusu, akajifikiria, akamalizia.

Swalehe ameanza ukuta wa mashariki.

Jumatatu, 5 Oktoba

Wanawake tisa. Wanaume hata mmoja. Jumbe Nikolao, mkuu wetu wa kijiji, amepita njiani, nikamwamkia, akageuza uso kama ameona nyoka. Nimemkosea nini mtu huyu?

Ijumaa, 9 Oktoba

Ambrosi amerudi mapema siku tatu kuliko nilivyomtazamia, na sababu yake ni mimi. Habari zangu zilimkuta Lindi. Hakutua hata mzigo wa bawaba.

"Severina, ni kweli ulisimama sokoni ukaita majina?"

"Ni kweli. Yote arobaini na moja, sikukosea hata moja."

Akakaa chini, mikono kichwani. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, mambo ambayo wanaume wa huku hawawaelezi wanawake. Watoto wale waliandikwa shule kabla hawajaingia jandoni. Mvulana wa huku akitoka jandoni hutoka na jina jipya. Lile la utotoni wameliacha kule porini, limeungua pamoja na banda siku ya kutoka. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumvua nguo mbele za watu. Akiitwa na mwanaume mwenzake watapigana. Akiitwa na mwanamke, sokoni, kwa sauti ya darasani, Ambrosi alisema hajawahi kusikia, kwa hiyo hajui.

"Chitumbo unamjua ni nani?" akaniuliza. "Ni Jumbe Nikolao. Na Sijaona ni Halfani, yule mfanyabiashara wa nta, anayesalimiwa kutoka hapa mpaka Newala."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha, Mungu anisamehe, nikakumbuka tumbo lililomo katika jina hilo, na kiuno cha Jumbe Nikolao kilivyo chembamba, nikacheka. Ambrosi akajaribu kunikasirikia, akashindwa, tukacheka wote wawili mpaka mama mkwe akaja kuuliza nani amekufa.

Majina yale sitayaandika tena humu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Kicheko kimekwisha. Jumbe ametuma neno: Jumamosi ijayo wanaume wote watakuja uwanja wa shule kudai heshima yao. Faini yake ni kuku kwa kila mtu. Sisi tuna kuku wanne, na mmoja amelalia. Isitoshe, Swalehe amesimamisha kazi. Hathubutu kukandika nyumba yenye kesi. Ukuta mmoja umesimama, kuta tatu hazina udongo, na mawingu ya kwanza yameonekana upande wa Ruvuma.

Nilitaka kuwaokoa wasichana, na huenda mimi ndiye niliyewafungia.

Jumanne, 13 Oktoba

Mama Silvesta bado analeta maji. Nimemwambia asichoke bure. Akasema hakuja kwa ajili yangu.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nataka kuandika yote, nisisahau hata neno.

Wamekuja thelathini na mmoja. Wengine vita viliwachukua, wengine wako pwani. Walikaa safu chini ya makombamoyo yasiyo na nyasi, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine. Jumbe Nikolao mbele, kofia mkononi. Halfani kando yake, kanzu nyeupe. Nilipiga magoti, nikawaamkia wote, nikaomba radhi, na nilimaanisha kila neno. Nikasema mimi ni mgeni, na ujinga wangu si dharau.

"Radhi tumeisikia," akasema Nikolao. "Sasa kesi isemwe. Halfani, ulikosewa nini?"

"Niliitwa jina."

"Jina gani?"

Halfani akamtazama. "Lile."

"Baraza haliwezi kuamua juu ya 'lile'. Litaje."

"Litaje wewe lako kwanza, Jumbe."

Nikolao akamgeukia wa pili. "Wewe uliitwa nani?" "Mimi nami niliitwa lile langu." Wa tatu akasema yeye alikuwa ugenini siku hiyo, ila ameambiwa aliitwa. Wa nne akasema hatalitaja hata kwa kufa. Watu thelathini na mmoja wamekuja kushtaki maneno ambayo hakuna anayeweza kuyatoa mdomoni! Niliuma kanga. Ambrosi alikuwa anatazama juu kwa nguvu sana.

Mwishowe Halfani akasema, "Kitabu kipo? Kiletwe. Kila mtu asome kimyakimya, aoneshe kwa kidole."

Kitabu kikaletwa. Nikolao akakifungua, akasogeza macho, akaweka kidole. Kisha kidole kikabaki palepale, maana mwalimu wa zamani aliandika neno pembeni ya kila jina. Niliyajua maneno yale. Pembeni ya Nikolao: "Analala baada ya kula, huamshwa kwa kibao." Pembeni ya Halfani: "Ana akili. Ameleta chura darasani, mara ya tatu."

Mabega ya Nikolao yakaanza kutikisika. Akampa Halfani kitabu bila kusema. Halfani akasoma lake, akasoma la Nikolao, akaziba uso kwa mkono wa kanzu. Kitabu kikapita safu nzima. Kila kilipofika, mtu aliinama, akasoma lake, kisha akakimbilia la jirani yake, na kicheko kikasogea nacho. Hakuna aliyetaja jina hata moja. Wanawake waliosimama pembeni hawakuelewa kitu. Waliona tu wanaume wazima wanashikana mabega juu ya karatasi, machozi yanatoka. Mama Silvesta akaniuliza, "Kimeandikwa nini humo?" Nikasema, "Wao wenyewe."

Na hapo nikaona jambo ambalo sijui kama nao waliliona: wote thelathini na mmoja walikuwa wanasoma. Hakuna aliyemwomba mwenzake amsomee.

Nikolao akafuta macho, akakumbuka kwamba yeye ni Jumbe. "Faini iko palepale. Mwanamke husimamiwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake. Mume si kitu katika hili. Mama Mwalimu, mjomba wako ni nani, aje alipe?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa kuliko kuku.

"Sina," nikasema. "Nilichukuliwa mikononi mwa wauza watu nikiwa na miaka minne au mitano. Mama yangu sijui aliitwa nani. Shule ya misheni Unguja ilinilisha, ikanivika, ikanifundisha, ikanioza. Watu wakiniuliza ukoo wangu huwa nawajibu kwa mzaha kwamba ni shule. Lakini si mzaha. Sina mwingine."

Nikajifuta macho kwa kanga.

Halfani akauliza, "Shule ile na hii zimezaliwa na nani?"

"Mama mmoja, misheni," nikasema.

"Basi ni ukoo mmoja." Akawageukia wenzake. Mtu huyu angekuwa kadhi. "Mimi nilisoma hapa miaka miwili, baba akanitoa. Nikolao minne. Shule hii ilitulea au haikutulea?"

"Ilitulea," wakajibu.

"Basi nasi tumetoka kwa mama huyo, shule ya Unguja ni dada yetu, na huyu ni mtoto wake. Na wajomba zake ni nani?"

Nikaona Nikolao anaifuatia hesabu ile polepole, hatua kwa hatua, mpaka akafika mwisho wake. "Halfani! Unataka kusema tuliokosewa ni sisi, na wa kulipa ni sisi?"

"Tulipane," akasema Halfani.

Vicheko vikalipuka tena. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Na tulipane kuku?" Halfani akanyoosha mkono kwenye shimo la Swalehe. "Kuku wa nini? Tazameni shimo lile, kavu kama koo la mfungaji. Kila mjomba alipe maji, mpaka nyumba ikandikwe."

Ndivyo ilivyoamuliwa, na imeandikwa hapa kwa mkono wangu: Severina, mpwa wa watu thelathini na mmoja.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimeimba kanisani kwa sauti iliyomwudhi Ambrosi.

Jumatano, 21 Oktoba

Wanaume wakibeba maji! Vijiji vitatu vimekuja kutazama. Wengi wamefunga vibuyu kwenye miti wakaibeba mabegani, kwa kuwa mtungi kichwani ni kazi ya wanawake. Lakini Jumbe Nikolao akaona kibuyu ni kidogo kwa cheo chake, akaazima mtungi wa mkewe. Mkewe akamvisha kata ya nguo kichwani, akamzunguka akimwangalia, akasema, "Umependeza, mume wangu, kesho nitakufundisha na kutwanga." Mtungi ulimshinda kwenye kona ya pili, kona yangu mimi. Nimempenda kwa hilo.

Swalehe amerudi kazini. Anawakemea majumbe na wafanyabiashara sawasawa: "Kanyaga udongo, usiupapase!"

Jumamosi, 31 Oktoba

Ukuta wa kusini umekwisha. Wasichana wanakanyaga udongo wakiimba hesabu za mara saba. Mawingu yamekuja, yakaondoka.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimekuwa nikiwauliza, mmoja mmoja, kwa nini wanatoa. Nilitegemea jibu moja. Nikolao alisema kwa sababu Halfani ametoa, naye hawezi kushindwa na Halfani. Fikirini, mkulima wa muhogo asiyesema sana, alifikiri muda mrefu. "Hapa ndipo mtu mzima aliponiuliza swali kwa mara ya kwanza," akasema, "akangoja nijibu." Mwingine alisema anaogopa mke wake, ambaye ni mmoja wa wale tisa.

Halfani alinisimulia akiwa amekaa juu ya rundo la fito, anafuta vumbi kwenye viatu.

"Baada ya vita askari walitukamata njiani, watu kumi na wawili, tunarudi kutoka kuchimba viazi pori. Wakasema majina yetu yamo kwenye karatasi ya wanaotakiwa. Nikasema, bwana, nioneshe karatasi. Askari akanipa, maana yeye mwenyewe hakujua kusoma, aliibeba tu. Nikaisoma kwa sauti tangu juu mpaka chini. Hata mmoja wetu hayumo. Akanitazama, akaitazama karatasi, akatufungua." Akafuta kiatu cha pili. "Miaka miwili tu nilisoma, mpwa wangu. Kumi na wawili walikwenda makwao."

Nikamwuliza tena jambo lililokuwa likinikera: mbona kila siku anapita na vibuyu vyake njia ndefu, kupitia vijiji vyote, na wapagazi wake wakiimba, wakati njia ya mkato ipo? Huko si kujionesha?

"Ni kujionesha," akasema bila haya. "Wiki ya kwanza nilipita peke yangu. Leo wamenifuata saba ambao hawakusoma hapa hata siku moja."

Nimejifunza kwamba watu hutoa kwa shukrani, kwa wivu, kwa aibu na kwa kuwaogopa wake zao, na maji yote yanalainisha udongo sawasawa.

Jumatatu, 16 Novemba

Kuta nne zimesimama! Zimepasuka pasuka zikikauka; Swalehe anasema ndivyo ukuta unavyopumua. Sasa nyasi.

Alhamisi, 19 Novemba

Nyasi hakuna. Wawindaji walichoma moto mwezi uliopita, na nyasi ndefu za karibu zote ni majivu. Zilizobaki zinatosha kuezeka upande mmoja tu wa paa. Mvua ikipiga kuta zisizo na paa, zitarudi kuwa tope. Ambrosi hakula jioni.

Jumatatu, 23 Novemba

Tumewasikia kabla hatujawaona. Watu wa upande wa Chidya wanapandisha genge na mizigo ya nyasi vichwani, zaidi ya ishirini, wanaimba wimbo wa jumbe aliyemwagikiwa na mtungi. Wimbo umefika huko kabla ya jumbe mwenyewe! Waliposikia kwamba huku wanaume wanabeba maji kwa ajili ya shule walidhani ni uongo, wakaja kuhakikisha, wakaona aibu kuja mikono mitupu. Nikolao alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akawasahihisha pahali pamoja, akawakaribisha muhogo.

Jumamosi, 28 Novemba

Upande wa mashariki umeezekwa, wa magharibi nusu. Joto ni la kuua. Swalehe hashuki kutoka juu ya paa, anapandishiwa chakula kwa kamba.

Jumatatu, 30 Novemba

Imenyesha!

Ilikuja adhuhuri, na upepo mbele yake. Swalehe, Ambrosi na Fikirini walikuwa juu wanafunga kilele cha paa, sisi chini tunawarushia vitita vya mwisho, kila mtu anatoa amri na hakuna anayesikiliza. Tone la kwanza liliniangukia mkononi. Nikapiga kelele, "Fungeni! Fungeni!" Swalehe akajibu, "Unadhani naoka mkate?" Akavuta kamba ya mwisho kwa meno.

Kisha tukakimbilia ndani wote. Wanaume, wanawake, wasichana, watu wa Chidya, kuku watatu. Tukasimama tumebanana gizani, tumeinua nyuso, tunasikiliza mvua juu ya nyasi. Panavuja pahali pamoja, karibu na mlango. Pengine pote pakavu. Mama Silvesta akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Isabela akanishika kiuno, na mara wote kumi na wawili wakanining'inia, nikashindwa kusimama sawa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii, na naiandika nikiwa bado nimelowa.

Alhamisi, 3 Desemba

Padre amefika, matope hadi magotini. Ameingia, amezunguka, amebonyeza ukuta. Kidole kikaacha alama.

"Bado mbichi," akasema.

"Itakauka, Padre," akasema Swalehe. "Sisi sehemu yetu tumemaliza."

"Nani wamejenga?"

"Wajomba," akajibu Nikolao, asieleze zaidi, na watu wote wakacheka. Padre alitutazama, kisha akacheka nasi bila kujua sababu. Akaketi kwenye benchi, akasema darasa la wasichana litabaki, nasi tutabaki, naye ataandika Ulaya leo hii. Akataka nimpe orodha ya waliotoa, ili na huko watu wapate moyo wa kutoa. Nimempa orodha ndefu. Majina nimeyauliza kwanza kwa kila mwenyewe.

Jumatatu, 7 Desemba

Darasa limefunguliwa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, njia zote ni matope na hakuna kiumbe barabarani. Nilikuwa namwita Isabela ubaoni nilipoona mtu mlangoni, mwavuli umepinduliwa na upepo, kanzu nyeupe imekuwa nyekundu kwa matope. Ni Halfani. Hakuwa na wapagazi. Alikuwa amembeba mgongoni msichana wa miaka kama tisa, amemfunika kichwa kwa shuka.

Akamtua sakafuni, taratibu. Mtoto akajificha nyuma ya mguu wake.

"Huyu ni Mwanakombo, wangu wa mwisho," akasema. "Dini yake nitamfundisha nyumbani. Wewe mfundishe kusoma."

Nilimwambia karibu, nikamwambia akae akauke kwanza, nikasema maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Baba wa Kiislamu, mtu mkubwa wa nchi hii, ananiletea binti! Nilimtania kwamba siku hii ndiyo angepita njia ndefu, vijiji vyote vimwone.

Hakucheka.

"Mpwa wangu," akasema, "maji nilileta watu wakinitazama. Huyu nimemleta siku ambayo hakuna anayenitazama."

Akainama, akamfuta mtoto matope usoni kwa ncha ya kilemba chake, akatoka mvuani. Wasichana wakasogea kwenye benchi la mbele, na Mwanakombo akakaa.